Bomba Lililokatwa

Ute ulitoka kwenye mdomo wa tangi kama uji uliopoa, ukateleza juu ya sakafu ya ua, ukapita chini ya geti na kuingia kwenye mfereji wa mtaa. Haukuwa na haraka. Mama Jemu aliuzuia kwa ufagio, ukaupanda ufagio. Aliumwagia ndoo ya maji, ukavimba. Alipouchota kwa koleo, ulining'inia kwenye ncha ya koleo kama kamasi la mtoto mwenye mafua, haukatiki wala hauanguki.

"Usiuguse," alisema mumewe. Mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba, na tangi lile la chini ya ua alilijenga mwenyewe. Sasa alisimama mbele yake mikono kiunoni, kama mtu aliyetukanwa na mwanawe mbele ya wageni.

"Nisiuguse, utajizoa wenyewe?"

Ng'ambo ya njia, mshonaji waliyembandika jina la Redio alisimamisha cherehani yake ili asikie vizuri.

"Jirani!" aliita. "Hiyo jemu mpya mbona hamjaitia kwenye chupa?"

"Lete kijiko uonje!" Mama Jemu alimjibu.

Wapita njia wawili watatu walicheka. Fundi Bomba hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule ulimuuma mkewe kuliko kama angeubamiza.

Jikoni, sufuria kubwa ya mananasi ilikuwa juu ya kuni, ikichemka upande mmoja na kulala upande wa pili. Nyumba hii ilizoea kupika jemu kwa gesi ya tangi. Maji matamu ya kuoshea masufuria yaliteremka chini ya ardhi, vijidudu visivyohitaji hewa vikayala, na gesi ikapanda kwenye bomba jembamba hadi jikoni. Lakini moto wa gesi ulikuwa umekonda, ukawa wa njano, kisha ukazimika kabisa. Mama Jemu alionja jemu ya kuni kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa na ladha ya moshi na ilikuwa imeanza kushika chini.

Mama mkwe wake alikuwa akirudi kutoka nyuma ya nyumba, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye fimbo. Huko nyuma, mwisho kabisa wa kiwanja, kulikuwa na shimo lililozungushiwa magunia. Ndicho kilikuwa choo chao siku hizi.

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Nimekuwa mwanamichezo. Kwenda mazoezi, kurudi mazoezi." Bibi alijitupa kwenye kigoda. "Ila siku nyingine haja inafika kabla yangu."

Alicheka. Upindo wa nguo yake ulikuwa umelowa, na Mama Jemu akageukia sufuria ili asionekane ameona.

Choo kizuri cha kuvuta maji kilikuwepo, karibu kabisa na kitanda cha bibi yule, lakini kilifungwa kwa kufuli. Zamani bomba lake liliteremka kwenye tangi pamoja na maji ya masufuria, mpaka Mwenye Duka, aliyekuwa akiuza jemu yao, aliposikia. Alimrudishia Fundi Bomba chupa zote za jemu mbele ya wateja, akizishika moja moja kwa mfuko wa plastiki aliouvaa mkononi kama glavu. "Hapa hatuuzi kitu kilichopikwa kwa choo," alisema. Fundi Bomba alizibeba chupa hadi nyumbani. Akachukua msumeno, akalikata bomba la choo, akaziba ncha zote mbili, akaanza kuchimba shimo la nyuma.

*

Bwana Afya, ofisa wa afya wa manispaa, alikuwa kijana mwenye viatu vya mpira na adabu nyingi. Maswali yake mengi aliyatangulizia samahani.

"Samahani, Mzee. Humu kwenye tangi mnaingiza nini?"

"Maji ya kuoshea masufuria," alisema Fundi Bomba.

"Na kingine?"

"Maganda laini. Maji ya matunda yaliyoharibika."

"Kingine?"

Mama Jemu alifungua mdomo. Mumewe akakohoa. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kigoda chake mlangoni, alitazama mawingu.

"Hakuna kingine," alisema Fundi Bomba. Kwa siku ile ulikuwa ukweli mtupu, na ndiyo maana alishindwa kumtazama mtu machoni.

Bwana Afya alifunua shimo la kunyonya, lile lililojazwa mawe ambamo maji yaliyotoka tangini yalipaswa kuzama ardhini. Mawe yote yalikuwa yamevaa ute, yamegandamana. Hata tone halikupita.

"Pameziba hapa, kwa hiyo maji yanapanda na kuwamwagikia majirani." Alichota ute kwenye chupa yake. "Nitarudi Ijumaa, na majirani wawepo. Nisipopata maelezo ya ute huu na namna ya kuukomesha, itabidi tangi lijazwe udongo na kibali cha jiko kifutwe. Samahani sana."

"Hiyo samahani tuipake kwenye mkate?" aliuliza mama mkwe.

Bwana Afya alipoondoka, Fundi Bomba aliketi juu ya mfuniko wa tangi lake. Mkewe alijua anachofikiria. Bila jiko, yeye mwenyewe angerudi kuzunguka mitaani na mkoba wa spana akitafuta mabomba yanayovuja, na migongo ya watu wa umri wake haipindi tena chini ya masinki. Alitaka kumshika bega. Aliliona koleo limelala na ute juu yake, akalishika koleo.

*

Alhamisi Bwana Afya alirudi kabla ya siku yake. Alibisha hodi jikoni, akavua viatu mlangoni ingawa hakuambiwa.

"Nimepeleka ute wenu maabara," alisema. "Ni sukari."

"Sukari yetu?" aliuliza Mama Jemu.

"Yenu, lakini imefumwa upya. Vijidudu vinaishika chembe kwa chembe vinaiunga kuwa mnyororo mrefu. Kitaalamu inaitwa polisakaraidi."

"Jina refu kuliko ute wenyewe," alisema mama mkwe.

Bwana Afya alitabasamu. Alieleza kwamba ute kidogo si ugonjwa, kila tangi linauhitaji. Kwa vijidudu ni gundi. Kwa gundi hiyo vinashikamana kuwa punje nyeusi, punje zinazama chini, na maji yanatoka yakiwa mepesi. Bila gundi hiyo vingesombwa vyote. "Ila ya kwenu imezidi. Punje haziwezi kuzama, zinaelea na kutoka nje. Hata gesi haiwezi kupatikana, maana wapishi wenyewe ndio wanaoondoka. Vijidudu vyenu vina njaa, mama."

"Njaa!" Mama Jemu aliona kama ametukanwa jikoni kwake. "Vinakula sukari kutwa kucha!"

"Ndiyo tatizo. Sukari inavipa nguvu tu. Kujenga mwili kunahitaji naitrojeni na fosforasi. Kijidudu kisipopata hivyo viwili hakikui wala hakizai. Na sukari inaendelea kuingia. Hakina pa kuipeleka, basi kinaifuma kuwa ute na kuitoa nje."

Aligeuza kofia yake mikononi.

"Nilichoshindwa kuelewa ni hiki, samahani. Tangi hili lilifanya kazi vizuri muda wote kwa sukari hiyo hiyo. Hivyo viwili lilikuwa likivipata wapi?"

Jemu ilitoa mapovu mazito, moja likapasuka na kurukia ukuta.

"Tutaweka mbolea," Fundi Bomba alisema haraka. "Ile ya dukani, ya chengachenga. Ina vitu hivyo, au siyo?"

"Inafaa, hata leo wekeni kidogo kuviamsha. Lakini swali langu, Mzee, bado."

Mama Jemu alimtazama mumewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua ukucha kwa ukucha mwingine. Alimhurumia. Kisha akamtazama mama mkwe, na nguo yake iliyofuliwa tena asubuhi ile.

"Chooni," alisema. "Lilikuwa likivipata chooni kwetu. Tulilikata bomba kwa sababu tuliona aibu."

Bwana Afya alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Nilitaka kuuliza siku ile ile, ila nikaona Bibi amekaa pale mlangoni."

"Ukadhani mimi siendi?" aliuliza mama mkwe.

*

"Tungeweka mbolea kimyakimya," Fundi Bomba alisema walipobaki wawili uani. "Kila mwezi mfuko mmoja. Ute unakwisha, gesi inarudi, na bomba la choo linabaki limekatwa. Kwa nini umesema?"

"Kwa sababu ameuliza."

"Wewe hukuwepo dukani. Hukumwona na ule mfuko mkononi."

"Sikumwona. Lakini wewe nakuona." Aliketi karibu naye. "Kila siku nakuona unavyopita njia ya nyuma usipite mbele ya duka. Mama namwona anavyojishika ukutani. Halafu twende dukani kununua kitu tunachokitupa bure kwenye shimo la nyuma, tena tukilipie, tukifiche, tukimwage usiku kama wezi?"

"Watu hawatanunua tena."

"Na hivi sasa wananunua?"

Fundi Bomba aliokota kipande cha bomba kilichobaki siku ile ya msumeno, akapuliza vumbi ndani yake, akakiweka chini tena.

"Kesho nitazungumza mimi," alisema hatimaye. "Ni tangi langu."

"Haya, Baba. Zungumza wewe."

*

Ijumaa majirani walifika kabla ya Bwana Afya. Redio alikuja na kiti chake kabisa, akakiweka mahali penye kivuli, akakunja miguu. Ute bado ulipita katikati yao ukimeta.

Fundi Bomba alisimama, akakohoa.

"Majirani. Kumetokea hitilafu ya kiufundi."

"Ipi?" aliuliza Redio.

"Ya... virutubisho."

"Viru nini?"

Fundi Bomba alijifuta jasho puani. Aligeuka kumtazama mkewe, na kwa mtazamo ule Mama Jemu akajua amepewa ruhusa, na kwamba hakuna zawadi iliyomgharimu zaidi mumewe tangu wajuane.

"Tulikata bomba la choo," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Gesi tuliyopikia jemu ilitokana na maji ya masufuria na choo chetu. Mmeisikia kwa minong'ono, sasa isikieni kwangu. Tukaona aibu, tukakata. Tangi likabaki na sukari tupu, likaanza kutoa ute, ute ukaja milangoni mwenu. Kwa ute nawaomba radhi. Kwa choo siombi radhi, na bomba linarudi."

Minong'ono ilipanda. Baba mmoja mrefu alisogea mbele.

"Kwa hiyo ile jemu niliyowapa wanangu..."

"Ilipikwa kwa moto, kaka. Uchafu uko chini ya ardhi, jemu iko sufuriani, katikati kuna bomba na moto. Muulize Bwana Afya kama vijidudu hupanda moto."

"Havipandi," alisema Bwana Afya. "Na maji yanayotoka tangini yataishia kwenye shimo la kunyonya. Mtaani hayatakuja. Hilo nitalisimamia mwenyewe."

"Wanao waliumwa tumbo?" Mama Jemu aliendelea.

"Hapana, lakini..."

"Walibakiza?"

Baba yule alikuna shingo. "Walilamba chupa," mkewe alijibu kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Redio hakucheka. Aliinuka kwenye kiti.

"Mimi sina shida na choo chako, kila mtu ana chake. Shida yangu ni mlangoni kwangu. Wateja wanaruka kama mbuzi. Mmoja ameanguka na gauni la arusi mkononi, nimelifua mara mbili, pindo halijatakata." Alimnyooshea Mama Jemu kidole. "Ute haukomi kesho, si ndiyo?"

"Haukomi kesho," alisema Bwana Afya. "Itachukua wiki kadhaa vijidudu kupata nguvu."

"Basi katika wiki hizo mfereji mbele yangu utasafishwa kila asubuhi kabla sijafungua. Asije mtu wa kukodi. Aje yeye. Mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukizidi hapo, udongo wa kujaza tangi naleta mimi."

Watu wote walimtazama Mama Jemu. Kuinama mlangoni kwa Redio kila asubuhi, mtaa ukipita. Mumewe alianza kusema kitu, naye akamzuia kwa mkono.

"Nitasafisha," alisema. "Ila wakati nasafisha, usinitangaze."

"Hilo siwezi kukuahidi," alisema Redio, na hapo ndipo yeye mwenyewe akacheka.

*

Mawe ya shimo la kunyonya waliyatoa yote na kuyasugua moja moja kwa brashi. Shimo lilipomeza maji tena, Bwana Afya akalikagua, akaruhusu bomba liungwe. Geti lilikuwa wazi na watu walikuwa wamejazana, wengine wakijifanya wanapita.

"Mbele ya watu wote hawa?" Fundi Bomba alinong'ona. Gundi ilikuwa mkononi.

"Ulilikata peke yako. Liunge mbele yao."

Alipiga magoti. Alisafisha ncha mbili kwa msasa, akapaka gundi, akasukuma na kuzungusha robo, akashikilia. Hii ilikuwa kazi, na kazi alikuwa akiijua. Alipoachia, muungano ulikaa kana kwamba haukuwahi kukatwa.

"Umekauka?" mama mkwe aliuliza kutoka barazani.

"Subiri kidogo, Mama."

"Nimesubiri tangu mwezi uliopita." Walingoja. Fundi Bomba aligusa gundi kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, akafungua kufuli la choo. Bibi alijivuta na fimbo yake katikati ya watu, kichwa juu.

"Nipisheni," alisema. "Naenda kazini."

Vicheko vilivyolipuka uani vilikuwa vikubwa hata Redio akaacha cherehani. Mama mkwe hakugeuka. Aliingia, akafunga mlango, na baada ya muda wa kutosha watu wote walisikia maji yakivutwa na kuteremka.

*

Kila asubuhi Mama Jemu aliinama mlangoni kwa Redio. Siku za mwanzo alijaza ndoo, watu wakamruka, mmoja akamwachia ganda la ndizi miguuni akidhani ni mfagiaji wa mtaa. Mama Jemu alimrudishia. "Umesahau mzigo wako, dada." Baadaye ndoo ikawa nusu. Ute ulianza kukatika ukichotwa. Kisha ukawa maji yenye utelezi kidogo, kisha hakukuwa na cha kuchota, lakini aliendelea kwenda na kufagia mpaka mwezi alioahidi ukaisha. Redio alimtangaza kila siku kwa sauti. Pengine ndiyo maana watu walianza kusimama getini kuuliza kama kuna jemu.

Gesi ilirudi bila sherehe. Asubuhi moja Fundi Bomba aliwasha kiberiti kwenye jiko, kama alivyofanya kila asubuhi bila kufanikiwa, na moto wa buluu ukajikunja kuzunguka tundu zote. Alikaa amekishika kile kijiti cha kiberiti mpaka kikamchoma kidole.

Mwenye Duka alikuja jemu ya kwanza ikiwa motoni. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono mitupu safari hii.

"Watu wananiulizia bidhaa yako, Mama Jemu."

"Wanajua nyumba ilipo."

"Tusigombane. Mimi nachukua chupa zote, kila wiki. Nataka jambo dogo tu. Mtu akiuliza, tuseme mnapikia gesi ya mtungi. Neno tu. Halimuumizi mtu."

Fundi Bomba, aliyekuwa akipanga vifuniko, alisimama wima. "Bomba lipo pale uani," alisema. "Nimeliunga mwenyewe. Ukitaka, nitakupeleka ukalione."

"Fundi, nakupa biashara."

"Nimekusikia."

Mwenye Duka alimgeukia mkewe. "Mama, wewe una akili ya biashara. Zungumza na mzee."

Mama Jemu alidondosha tone la jemu kwenye sahani baridi, akalisukuma kwa kidole. Lilijikunja juu kama ngozi. Jemu ilikuwa imeiva, na jemu ikifika hapo haimngoji mtu.

"Inapikwa kwa gesi ya choo chetu," alisema. "Ukitaka kuiuza hivyo, karibu. Usipotaka, naomba unipishe mlangoni, sufuria ni ya moto."

Walishika mipini ya sufuria, yeye upande mmoja na mumewe upande wa pili, wakaiteremsha mezani. Alianza kujaza. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mvuke ulimjaa usoni.

"Ameondoka?" mama mkwe aliuliza kutoka barazani.

"Sijui, Mama," alisema Mama Jemu. "Sikugeuka."